Mgeni Asiyetaka Ufuko

Mzee alifunga mlango wa ofisi ya safari, akavuta kitasa kuhakikisha umefungika, kisha akavuta tena. Akawatazama waliokuwamo mmoja mmoja, midomo ikimchezacheza kama anayehesabu. Ndipo akakaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni.

"Babu yako karudi," bosi alimnong'oneza binti wa mezani. "Leo muulize, anakwenda kisiwani kutembea au kuhamia?"

Binti alikuwa hajatimiza mwaka tangu atoke chuoni. Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu likizo, na bado aliamini kwamba safari nzuri inaweza kumponya mtu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Tuendelee pale tulipoishia."

Walikuwa wameishia kwenye idadi ya siku. Kwa ufuko peke yake, binti alikuwa amemweleza, siku mbili zinatosha. Mzee hakutaka hata moja. Hakuwa na haja ya kuogelea wala kujilaza mchangani. Aliulizia yale ambayo wageni huyakumbuka wakishachoka na maji: mnara wa taa, njia ya msituni, na lile gereza la zamani juu ya kilima, ambalo sasa ni nyumba ya wageni. Hasa gereza.

"Ni pazuri siku hizi," binti alisema. Maelezo yaliyofuata aliyajua kwa moyo, maana aliyatunga mwenyewe kwa ajili ya kijitabu cha wageni. "Lilifungwa ghafla, mwaka wa ile dhoruba kubwa. Gati lilikuwa linabomoka, wafungwa wakahamishwa wote asubuhi moja. Hakuna aliyeachwa nyuma."

Mzee aliinamisha kichwa.

Juu ya dari mtu alianza kupigilia misumari. Ngo, ngo, ngo. Mzee akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nani huyo anagonga?"

"Fundi tu, babu. Wanatengeneza kabati ghorofani."

"Mwambieni aache."

Bosi alifungua kinywa atie utani, akauona uso wa mzee, akakifunga. Akapanda ngazi mwenyewe kwenda kumsimamisha fundi.

Binti alimmiminia mzee maji. Mengine yakamwagika mezani. Alikuwa ameshaanza kuelewa: kile kitasa, kule kuhesabu watu, ule mgongo usiotaka kuachana na ukuta. Tena siku moja mzee alikuwa amemwambia, bila kuulizwa, kwamba mlango wa chuma ulio mwisho wa ukumbi hufungukia nje na hukwaruza sakafu. Jambo hilo halikuonekana katika picha yoyote ya gereza lile.

"Babu," alisema polepole, "uliishi mle?"

"Miaka kumi na moja. Ujana wangu wote umebaki mle."

"Na ule mlango wa chuma?"

"Chumba cha adhabu. Hakina dirisha." Mzee alikunywa funda moja, akaiweka glasi chini kwa uangalifu. "Siku hizi wanakitumiaje?"

"Hakitumiki. Ufunguo wake haukuonekana, na mlango wenyewe ni mzito, umeliwa na kutu. Wenye nyumba wameuacha vilevile, hawajaufungua hata mara moja. Wageni wanapenda kupiga picha mbele yake."

"Wanapiga picha," mzee alirudia.

Binti alishindwa kuzuia tabasamu. Wiki nzima alikuwa akiwabembeleza wenye nyumba kwa simu kwa ajili ya jambo hili.

"Basi nina habari njema. Watakupa chumba kinachopakana na hicho. Bure, kwa siku zozote utakazo! Mwanzoni walikataa. Wanasema chumba hicho hawakipangishi, wageni hukikimbia, eti bomba linagonga ukutani. Fundi bomba kaenda na kurudi, anaapa ukuta ule haupitiwi na bomba lolote. Nikawaambia, huyu babu yangu aliyoyapitia ni makubwa, hatatishwa na bomba. Watakungoja gatini na maua. Wewe ndiye wa kwanza kurudi kati ya waliofungwa mle."

Mzee alitikisa kichwa.

"Wasiniletee maua, mwanangu."

Bosi alikuwa amerudi, vumbi la mbao begani. "Chumba bure, maua bure," alisema. "Na sisi tutakula nini, mdogo wangu? Moyo wako huo utatufilisi." Lakini alisema kwa sauti ya chini, na akampangusia mzee meza mahali maji yalipomwagika.

"Kimebaki kitu kimoja tu," binti alisema, akajifuta macho haraka. "Siku za kukaa. Nikuandikie ngapi, babu?"

Mzee aliinua macho kuelekea darini. Pale juu palikuwa kimya kabisa, ila yeye bado alikuwa akisikiliza.

"Andika, mpaka aache."

"Nani, fundi? Ameshaacha, babu."

Mzee aliingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa leso, akaikunjua juu ya meza. Ndani mlikuwa na ufunguo mrefu wa chuma, usio na chembe ya kutu, unaong'aa kwa mafuta.

"Mfungwa sikuwa mimi, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa na funguo. Boti ilipong'oa nanga, bado nilikuwa namsikia akigonga."