Baba Hakitaki Chuo cha Bondeni

Jumamosi asubuhi Evaristo Zaragoza alipanda juu ya paa la nyumba yake na nyundo, misumari, na bendera ya chuo kikuu ambacho binti yake hakukitaka.

Chini, Yaretzi alimshikia ngazi huku akimsihi ashuke. Majirani walishatoka na kahawa zao kutazama. Mtaa mzima wa wachuma saladi pale Salinas ulijua habari yenyewe. Chuo kikuu cha Berkeley, alichokiota Yaretzi tangu utotoni, kilimnyima nafasi, na sasa zilibaki njia mbili za kukiingia kwa kuzunguka. Aende chuo kikuu kimoja cha kule Nevada, asichokipenda, asome huku akiomba uhamisho. Au abaki nyumbani, asome miaka miwili kwenye chuo cha jamii, Chuo cha Bondeni, kisha ahamie Berkeley.

Yeye alikitaka cha Bondeni. Mama yake, Ofelia, vilevile. Baba peke yake alikuwa juu ya paa.

"Nevada kuna baridi," alisema huku msumari ukiwa mdomoni. "Baridi inakuza akili."

"Unakonipeleka ni jangwani, baba."

"Basi joto. Joto nalo linakuza akili."

Jirani mmoja alimwagikiwa na kahawa kwa kucheka.

Jumapili, mezani, baba aliendelea. Alikitukana Chuo cha Bondeni kuanzia langoni hadi vyooni. Maegesho yanajaa kabla jogoo hajawika. Mashine ya kahawa inameza sarafu na kukutazama. Madirisha ya jengo la sayansi hayajawahi kufungika, na mwalimu wa hesabu anarusha mate, anayekaa mbele aje na mwavuli. Yaretzi aliamini maneno hayo yanaokotwa shambani, kwa vijana wanaosoma jioni. Mama yake alicheka mpaka supu ya pozole ikampalia, akakimbilia jikoni na huko akaendelea kucheka.

Yaretzi hakucheka. Huyu ndiye baba aliyemfundisha kukumbuka. Babu yake alivunjwa mkono na walinzi wa matajiri kwenye mgomo wa saladi, na baba alimwonyesha mahali penyewe, kando ya barabara. Shangazi yake aliambiwa na mshauri wa shule kwamba vidole vyake vilifaa kupanga masanduku, na baba bado alilitaja jina la mshauri huyo kila Krismasi, kabla ya kula. Bonde zima, ni chuo hicho kimoja tu kilichowafungulia mlango watoto wa mashambani bila kuwauliza baba zao ni akina nani. Leo mtu wa namna hiyo anakidharau? Yaretzi angeweza kuishi bila Berkeley. Lakini kuingia darasani bila baraka ya baba, hilo lilimshinda.

Akamfuata mlangoni, ambako baba alikuwa akifunga kamba za viatu ili atoke, kama alivyotoka karibu kila jioni.

"Baba, ukweli. Nikisoma pale utaona aibu?"

Evaristo aliacha kamba. Shingo ikamwiva.

"Aibu si yako, mama," alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita bintiye. "Nachelewa. Nina kikao cha chama."

Siku ya mwisho ya kuvijibu vyuo ni Mei Mosi, siku ya wafanyakazi duniani, na katika nyumba ile hakuna aliyeamini kwamba hiyo ni bahati tu. Yaretzi alibonyeza jibu lake mbele ya wote. Bondeni. Mama yake alipiga vigelegele, akamzungusha sebuleni mpaka viti vikaanguka.

Baba alibaki amesimama, rangi imemtoka.

"Utasoma asubuhi au jioni?" aliuliza.

"Asubuhi."

"Kila siku asubuhi?"

"Kila siku, baba."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akambusu kwenye paji la uso. "Basi nenda, mwanangu, kwa moyo wangu wote. Ila usitarajie kuniona pale."

Ilikuwa baraka, na ilikuwa na mwiba ndani. Yaretzi aliichukua hivyohivyo. Jumapili iliyofuata alipanda paani mwenyewe kuing'oa bendera, na upepo ukaipeleka kwenye mashamba ya saladi, ikapepea huko kama imeshinda kitu.

Agosti, jioni ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, mama yake alivaa kama anayekwenda harusini, akacheka peke yake njia nzima. Baba, kwa kweli, alikuwa na kikao. Uwanja wa chuo ulijaa puto na tarumbeta. Msichana asiyemjua alimvika Yaretzi kofia, mwingine akamvuta kwenye dansi, na baada ya nyimbo mbili alikuwa ameusahau mwiba, akicheka na watu ambao hata majina yao hakuyasikia vizuri.

Kisha muziki ukakatwa. Mkuu wa chuo, bwana mnene mwenye tai, aliomba radhi mapema kwa hotuba itakayofuata. Alisema mtoaji wake, kijana wa mwaka wa pili, amegombana na kila ofisi ya chuo, na kila mara ofisi ndiyo imeshindwa. Alimkaribisha mwenyekiti wa chama cha wanafunzi. Uwanja ukatikisika kwa miguu. "Mzee! Mzee! Mzee!" wanafunzi waliimba, na Ofelia akamshika binti yake mkono kwa nguvu, machozi ya kicheko yakimtiririka.

Mwenyekiti alipanda jukwaani mbiombio, begi mgongoni, akakishika kipaza sauti, akautazama mstari wa mbele. Hotuba ikampotea.

"Nilikwambia Nevada, mama," alisema Evaristo Zaragoza.