Jozi ya Tano

Jozi ya nne nayo ilirudi wiki ya sita tangu itoke dukani, soli imetoboka chini ya kidole gumba cha kulia. Fundi viatu aliigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye tundu, akahisi uso unamchoma kwa aibu. Makubazi yake ya soli ya tairi watu huvaa miaka mitatu, na wanaorudi hurudi kutaka rangi nyingine.

"Anatembea mno," alisema mwanamume aliyeyaleta, kama anayeomba radhi.

Mwenye miguu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja: mama mzee mwembamba, mkoba mapajani, macho mlangoni kama abiria anayeogopa kuachwa. Kila mara alimuuliza fundi kama amemaliza. Ana safari, alisema. Mwanawe ametoka nyumbani hajarudi, na asipomtafuta yeye, nani atamtafuta?

Kwao kulikuwa mbali, ng'ambo ya reli, lakini wenye maduka wa barabara ile wote walishamzoea. Asubuhi anapita kwenda kituo cha mwisho cha mabasi, mchana anapita kurudi, jioni anakwenda tena, akiuliza mlango kwa mlango: hamjamwona mwanangu, mrefu, mcheshi, akicheka anasikika nyumba ya tatu? Nyuma yake, hatua kumi hivi, anafuata yule mwanamume na chupa ya maji. Siku ya kwanza mama mwenyewe ndiye aliyemtambulisha. Ni mpangaji wake, alisema, mtu mpole, Mungu amzidishie. Mwanamume aliinamisha kichwa tu, akashukuru. Hakuwa mtu wa maneno, na kucheka ndiyo kabisa, fundi hakuwahi kumwona hata akitabasamu.

Shida yenyewe ilikuwa kisukari. Miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo kiatu kikimchubua hajui mpaka damu ionekane. Daktari alikuwa ameshasema: kidonda kimoja tena, mguu unakatwa. Mwanamume alimweleza fundi hayo akiwa amepiga goti, anamvua mama kiatu na kumkagua vidole kimoja kimoja, kama anayechambua mchele.

Fundi aliuliza kwa nini wasimfungie mlango. Alifungiwa siku mbili, akajibiwa, akatembea chumbani ukuta hadi ukuta, analia, mpaka mlango ukafunguliwa. Je, wakimficha viatu? Walimficha. Akatoka peku, na hapo ndipo alipopata kidonda cha kwanza.

"Siwezi kumzuia, fundi," alisema yule mwanamume kwa sauti ya chini. "Nisaidie tu asiumie."

Basi fundi alifanya yote anayoyajua. Alichora nyayo zote mbili kwenye boksi, maana wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia. Alichagua ngozi laini, akashona mishono yote kwa nje isije ikamkwaruza. Mikanda aliitia vifungo vya kulegeza, kwa kuwa ikifika jioni miguu huvimba, na mbele akaziba ili jiwe lisipate pa kuingilia. Chini akaweka tairi tabaka mbili, na juu yake sponji nene. Siku tatu hakugusa kazi ya mtu mwingine. Hata hivyo alijua. Wiki nane, labda tisa, halafu tundu litatokea palepale. Miaka thelathini ya kushona viatu, na hakuwahi kujiona fundi bure kama siku zile tatu.

Walipokuja kuyachukua, mama alisimama, akapiga hatua mbili kuelekea dirishani, akapiga mbili kurudi. Uso wote ulichangamka.

"Haya mepesi," alisema. "Kwa haya nitampata."

Uzalendo ulimshinda fundi. Alianza kumsema huyo mtoto, na alipoanza hakujua pa kukomea. Alisema hana haya. Alisema mtu mzima na akili zake hawezi kumwacha mama yake azunguke juani hivi, watu baki ndio wambebee maji. Alisema akimtia mkononi atamburuta kwa sikio mpaka ng'ambo ya reli, amwonyeshe miguu hii. Mwanamume alikuwa chini sakafuni anafunga mkanda wa kushoto, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena tundu moja nyuma.

"Usimseme vibaya mwanangu," mama alimwambia fundi, bila hasira. "Ananipenda sana yule. Kuna jambo tu limemkwamisha."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Walimsikia akimsimamisha mpita njia wa kwanza na kumuuliza.

Fundi alijiona mdogo. Alikusanya vipande vya ngozi mezani bila sababu, akavirudisha palepale. Angalau ajue, alifikiri, pengine anaweza kuulizia kwa wateja wake, wanatoka kila upande wa mji. Akamsogelea mwanamume, ambaye alikuwa ameshasimama na kushika chupa yake ya maji, akamuuliza huyo mtoto alipotea lini hasa.

"Mwaka jana, asubuhi," alisema mwanamume, macho yako barabarani, anahesabu hatua kumi. "Tulikuwa mezani na mama tunakunywa chai, akanitazama usoni, akaniuliza mimi ni mgeni wa nani."