Diski ya Pili

Mashine ilimuuliza Boitumelo kama diski ya pili ifutwe, kisha iunganishwe na kundi la diski nyingine.

Seva ilikuwa imezimwa na kuwashwa asubuhi ile, na majina ya diski yalikuwa yamehama. Diski mpya, tupu, sasa iliitwa ya tatu. Ya pili ilibeba sauti za wazee kumi na mmoja, wasemaji wa mwisho wa lugha yao, wote wameshazikwa. Nakala nyingine haikuwapo.

Profesa aliyewarekodi kwa miaka minane alisimama nyuma ya Boitumelo akitafuna magwinya, maandazi ya moto yanayochuruzika mafuta.

“Rra, majina yamebadilika,” Boitumelo alimwambia kwa heshima. “Tuangalie kwanza…”

“Mma, kazi yako ni kuvuta nyaya. Mpya ni ya pili, nimeichomeka mwenyewe. Au kubonyeza ‘ndiyo’ nako kunahitaji shahada?”

Wahadhiri wawili mlangoni wakacheka.

Kwa amri moja fupi Boitumelo angeweza kumwonyesha mafaili yote ya diski ya pili kwenye skrini. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akasogeza kiti.

“Basi bonyeza mwenyewe, rra.”

Kidole cha profesa kiliacha doa la mafuta kwenye herufi ya ‘ndiyo’.

“Umeona?” alisema. “Haichukui hata sekunde.”