Nyumba Mpya ya Siwatu

Kulikuwa na ufuo ambao kaa wake hawakutupa kitu. Kila mmoja aliishi ndani ya kombe la konokono aliyekufa, na likimbana alihamia kubwa zaidi, lake akamwachia mdogo wake. Harufu ya maiti iliwaita wote wapange foleni, maana palipo na maiti pana nyumba wazi.

Siwatu alikuwa kaa mwenye makuu. Zamu yake ilipofika, shangazi yake Mwanakombo alimwachia kombe lake.

"Nimelikwangua ndani, na ufa nimeuziba," shangazi alisema.

"Mitumba ya wafu siitaki, shangazi. Nimeona nyumba mpya."

Ilikuwa chupa ya plastiki, imezama mchangani mdomo juu. Ndani walikaa kaa kadhaa, kimya. Siwatu alipiga hodi. Hakuna aliyeitika, ila mmoja alikuwa ameinua gando kama anayekaribisha. Siwatu akavua kombe lake dogo, akateleza ndani.

Alipomshika mwenyeji mkono, gando lilibaki mkononi mwake. Wote walikuwa wamekauka.

Alipanda, akateleza. Alipanda tena, mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Ndipo aliposikia nyayo nje: harufu ya maiti wa chupani ilikuwa imewafikia wenzake. Foleni ndefu ilikuja, shangazi mbele.

Siwatu alijaribu kupiga kelele wasiingie, lakini sauti haikutoka. Akainua gando kuwazuia.

"Anatukaribisha," shangazi alisema, akaanza kuvua kombe lake.