Skrubu ya Mwisho

Tangu mashine zilipoanza kumtii yule tu aliyezihudumia mwisho, Elinihaki hakwenda popote bila mkewe. Nakijwa ndiye aliyesafisha pampu ya mafuta ya pikipiki yao ya magurudumu manne, kwa hiyo mumewe akibonyeza kitufe, injini haikuwaka.

"Leo nifundishe," alisema Elinihaki. "Nimechoka kuomba lifti kwa mke wangu."

"Na mimi miaka yote ile nikibaki nyumbani, mbona hukuchoka?"

Wakacheka, wakaketi uani. Nakijwa akamwonyesha namna ya kufunga mafuta, kufungua pampu, kupuliza vumbi kwenye chujio na kurudisha mpira bila kuukunja. Alipenda kumwona akitoa ulimi kila alipokaza skrubu. Tangu waanze kupanda milimani pamoja kila Jumapili, ndoa yao ilikuwa tamu kuliko zamani.

"Tayari, mwalimu!" Elinihaki akaenda kunawa mikono.

Nakijwa akaikagua kazi. Ilikuwa safi kabisa. Akailegeza skrubu ya mwisho, akaikaza tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Njoo ujaribu, mume wangu," akaita kwa upole.