Mnyororo wa Mbwa

Waithera alipofungua ukanda wa mbwa, vidole vyake viligusa shingo isiyo na manyoya, ngozi kavu kama kiatu cha zamani.

"Hiyo mbwa itauma wageni!" mumewe akafoka kutoka mlangoni. "Si unajua geti yetu inakaa wazi mchana kutwa?"

"Basi tufunge geti, Baba Ngige."

"Mchana? Ati Kitale yote iseme tumekuwa wachoyo!"

Mnyororo ukaanguka. Mbwa akatembea mpaka ukingoni mwa duara la udongo alilolikanyaga kwa miaka minne, akasimama palepale, mguu mmoja juu, akingoja kuvutwa.

Hakuvutwa.

Akakanyaga nyasi. Akazinusa. Kisha akajitupa chali, akagaagaa humo akikoroma kwa raha.

Waithera hakuthubutu kumtazama mumewe. Alisikia gambuti zake zikikaribia, mnyororo ukiokotwa, ukiburutwa. Akafumba macho.

Alipoyafumbua, mumewe alikuwa getini, ameshalifunga, anauzungusha mnyororo kwenye nguzo.

"Wageni watapiga hodi," alisema bila kugeuka. "Kwani hawana midomo?"