Mfumo Usiopata Joto

"Shemeji, chagua moja," nilimwambia mke wa kaka yangu, mwenye kiwanda cha mikate. "Mfumo wa seva yako umezeeka. Kila asubuhi unakwama, oda za maduka zinapotea, wateja wanakuja juu. Kuna mfumo wa bure na kuna wa kulipia."

"Huo wa bure una kasoro gani?"

"Hauna! Ni mwepesi kama unyoya. Mashine itafanya kazi kutwa kucha na haitapata hata joto."

Nilitegemea vigelegele. Badala yake uso ukamshuka kama nimemletea habari ya msiba.

"Joto hata kidogo?"

"Itakuwa baridi kama maji ya mtungi."

"Na wa kulipia?"

"Huo mzito, utaichemsha mashine bure. Achana nao."

Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha, nikaingia chumba cha seva kuanza kazi.

Juu ya seva, penye matundu ya kutolea joto, palikuwa na beseni lililofunikwa kitambaa chenye unyevu. Nikafunua. Chachu ya kiwanda kizima ilikuwa imefura hadi ukingoni, laini kama shavu la mtoto. Tone la maji lilining'inia kwenye pindo la kitambaa, likadondoka ndani ya tundu.

"Shemeji," nikasema, "kumbe ndiyo maana inakwama!"

Akanipokonya kitambaa, akalifunika beseni taratibu.

"Mkate wangu unasifiwa mji mzima. Ulidhani kinachouumua ni hamira peke yake, bila joto? Niwekee huo mzito."